Wembe wa kukunja: makali yatunzweje baada ya kunyoa

Maswali haya yanahusu wembe wa chuma kizima, ule unaojikunja ndani ya mpini na kunolewa upya. Ule wa kinyozi unaopachikwa kiwembe kipya kwa kila mteja una taratibu zake.

Wembe ulikata vizuri jana, leo unavuta nywele. Kwa nini?

Mshuku maji kabla ya ndevu. Ncha ya makali ni nyembamba kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita, na nyembe nyingi za aina hii, zikiwemo zile za zamani za Sheffield (Uingereza) na Solingen (Ujerumani), zimetengenezwa kwa chuma chenye kaboni nyingi, ambacho hushika kutu upesi. Kabla jicho halijaona doa lolote, makali yameshaanza kuliwa vishimo. Kesho yake ukiupitisha kwenye mkanda wa ngozi, kingo za vishimo hivyo zinamomonyoka na makali yanabaki na meno. Meno hayo hukwaruza ngozi, na bakteria hupitia kwenye michubuko wakaleta vipele vyenye usaha.

Vipele vigumu vya nywele zinazojipinda na kurudi ndani ya ngozi ni habari nyingine. Hivyo hata wembe mkali huvileta, kwa sababu hukata unywele karibu mno na ngozi. Mwenye navyo anyoe kwa kufuata nywele zinakoelekea, asivute ngozi, na asirudie sehemu moja mara tatu nne.

Nikimaliza kunyoa nifanye nini hasa?

Suuza kwa maji yanayotiririka polepole, ukiuinamisha wembe ili maji yasiingie kwenye kiungo cha mpini. Usiugonge kwenye sinki kuondoa povu: makali mengi humegeka hapo, kwa kugusa bomba au kauri mara moja tu.

Kunja tishu mara mbili, shika ubapa wa wembe kutoka mgongoni, kisha futa kuelekea kwenye makali hadi tishu itoke nje. Usifute kwa urefu kufuata makali. Utakata tishu na pengine kidole. Chukua kipande kingine chembamba, kipenyeze kati ya wembe na mpini karibu na msumari wa kiungo, ukivute huku na huku. Maji yanayojificha hapo ndiyo yanayoleta kutu ya kahawia ambayo wengi huigundua baada ya miezi.

Kisha lowesha tishu kwa spiriti ya asilimia 70, pangusa pande zote mbili na uache ikauke. Spiriti huchanganyika na maji yaliyobaki na kuondoka nayo inapogeuka mvuke hewani. Malizia kwa kuupitisha wembe mara 10 hivi kwenye upande wa kitambaa wa mkanda wa kunolea, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Mkanda uwe umekazwa; ukilegea unaviringisha makali. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali.

Uache wazi kwa saa moja hivi, mahali watoto hawafiki, ndipo uukunje.

Natumia shabu kuzuia damu. Ina madhara kwa wembe?

Kwa wembe, ndiyo. Shabu ni chumvi yenye asidi. Ukishika wembe kwa vidole vyenye shabu, alama za vidole hugeuka kutu. Nawa mikono kwanza. Na jiwe la shabu lisipite kwa watu wawili, kwa sababu linashika damu kama wembe wenyewe.

Naishi Tanga, joto na unyevu mwaka mzima. Nihifadhi wapi?

Popote pasipokuwa bafuni. Hewa ya pwani ina chumvi, na mvuke wa bafu humalizia kazi. Mfuko wa ngozi uliofungwa nao haufai, maana ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma.

Kama hutautumia tena kwa siku kadhaa, pakaza utando mwembamba wa mafuta ya cherehani, matone mawili kwenye kitambaa yanatosha. Mafuta ya mgando yanafaa pia kwa kuhifadhi muda mrefu. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Yakikaa hugeuka utomvu unaonata. Siku ya kunyoa, osha mafuta kwa sabuni kabla wembe haujagusa uso.

Nikishaufuta kwa spiriti, ndugu yangu anaweza kuutumia?

Hapana. Kukausha makali na kuua vimelea ni kazi mbili tofauti, na hatua zilizoelezwa hapo juu zinaifanya ile ya kwanza tu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka ambayo macho hayaioni. Kupangusa kwa spiriti si kutakasa kifaa. Jiki huua virusi lakini klorini yake hutoboa chuma vishimo. Maji ya kuchemka hayalegezi ugumu wa chuma kama wengi wanavyodhani, ila hupindisha mpini, huacha unyevu kwenye kiungo, na makali hugonga sufuria.

Kwa hiyo wembe huu una mwenyewe mmoja, hata kama mmezaliwa tumbo moja. Kinyozi akikutolea wembe usiobadilishwa, mwombe afungue kiwembe kipya mbele yako. Ukikatwa na wembe uliotumiwa na mtu mwingine, osha kwa sabuni na maji, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora.

Kutu inaleta pepopunda?

Kutu yenyewe haileti ugonjwa huo. Bakteria wake hukaa kwenye udongo na samadi, na huingia kupitia kidonda. Wembe ulioanguka chini uani ni wa kuogopwa kuliko wenye doa la kutu lililopatikana kabatini. Chanjo ndiyo kinga.

Doa limeshatokea. Wembe umekufa?

Inategemea lilipo. Likiwa mbali na makali, lisugue taratibu kwa msasa laini wa namba 2000 wenye mafuta kidogo, ukielekea mgongoni. Likigusa makali, mkanda hautasaidia. Chuma lazima kiondolewe kwenye jiwe, kuanzia namba 1000 kama pamemegeka, kisha 4000 au 5000, kisha 8000, na ukipenda 12000. Mgongo na makali vilale juu ya jiwe kwa pamoja muda wote, kwa kuwa mgongo ndio unaoshika pembe ya kunolea. Usipime ukali kwa dole gumba. Shika unywele mmoja uning'inie, uguse kwa makali: ukikatika bila kusukumwa, wembe uko tayari. Kama vishimo bado vinaonekana kwenye makali kwa kioo cha kukuza mara 10, rudi jiwe la 1000, au uupumzishe wembe huo moja kwa moja.