Muache stelingi, tazama mawe

Kuangalia filamu za kauboi pamoja nami ni adhabu. Wenzangu wanamfuata stelingi, mimi macho yako kwenye mawe nyuma yake. Nimesomea jiolojia, nifanyeje? Na mawe yanamchongea mwongozaji kila mara.

Chukua The Searchers ya John Ford, ya mwaka 1956. Mwanzoni maandishi yanasema tupo Texas, 1868. Mlango unafunguliwa, na huko nje yamesimama majabali mekundu, kila moja kivyake, kuta zimenyooka kama zimepigwa timazi. Majabali yale hayapo Texas. Ni Monument Valley, mpakani mwa Utah na Arizona, katika ardhi ya Wanavajo, mojawapo ya makabila ya Wahindi Wekundu.

Siri ya kuta zile iko miguuni mwake. Juu ni mchanga wa kale uliogandamana ukawa jiwe gumu. Chini yake kuna tabaka laini la tope lililokauka na kushikana. Mvua inalila lile laini, jiwe la juu linakosa pa kukalia, linakatika pande kwa pande kufuata nyufa zilizosimama wima. Ndiyo maana chini unaona mteremko uliotanuka kama sketi, na juu yake ukuta mtupu. Ule wekundu ni kutu ya chuma tu.

Ford alianza kupiga picha pale kwa ajili ya Stagecoach, filamu ya safari ya gari la abiria la kukokotwa na farasi, iliyotoka 1939. Mwaka uliotangulia, Harry Goulding, mwenye duka bondeni humo, alifunga safari hadi Hollywood na picha za mahali pake. Uchumi ulikuwa umedorora na Wanavajo walihitaji kazi za kibarua. Wakazipata: ndio walioigiza Waapache, kabila jingine la Wahindi Wekundu, maadui katika filamu hiyo.

Sasa subiri Waapache waanze kulikimbiza lile gari la farasi. Majabali yanatoweka, ardhi inageuka sakafu nyeupe. Tayari tumeruka mamia ya kilomita hadi kwenye ziwa lililokauka, jangwa la Mojave, California. Hapo ndipo Yakima Canutt, mwigizaji wa vituko vya hatari, anapojiachia katikati ya farasi, anaburuzwa, kisha gari linampita kwa juu. Hapo simlaumu Ford. Gari la kamera litakimbiaje sambamba na farasi kwenye makorongo?

Filamu nyingi zisizo na fedha za kwenda mbali ziliishia Alabama Hills, karibu na mji wa Lone Pine, California. Huko ni itale, mawe ya mviringo yaliyopandana. Mtu wa Mwanza atadhani yuko kwao. Maji yalipenya kwenye nyufa mawe yakiwa bado ardhini, yakala pembe kwanza. Nyuma yake kuna milima yenye theluji, ukiwemo Whitney wenye mita 4,421. Na si makauboi tu waliojificha pale: mwaka huohuo wa 1939, katika filamu ya Gunga Din, mawe yaleyale yaliitwa India.