Je, wajua kwa nini saa nne za maji leo si sawa na saa nne za kesho?

Kwenye mifongo ya Kilimanjaro, yaani mifereji ya jadi ya Wachagga, na skimu nyingi za mifereji, maji hugawanywa kwa zamu. Saa ya mkulima imeandikwa daftarini, lakini maji ya mfereji hupanda na kushuka. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo, na jedwali la kompyuta, liwe Excel au LibreOffice Calc ya bure, linaweza kuupunguza.

Anza na kipimo. Karibu na banio, yaani pale maji yanapoingizwa mferejini, ziba mfereji kwa bati lenye pengo la V la nyuzi 90. Rula isimikwe mita moja kabla ya pengo, sifuri yake ikiwa usawa mmoja na ncha ya chini ya V. Ukiibandika kwenye pengo lenyewe utasoma pungufu, maana maji huinama yanapokaribia kuanguka. Upande wa pili yaanguke huru: majani na tope vikiyarudisha nyuma hadi kufunika ncha, rula itaonyesha maji yasiyokuwepo.

Andika kina ulichosoma kwenye rula, kwa sentimita, kwenye kisanduku A2 cha jedwali, na kwenye B2 weka =1380*(A2/100)^2.5. Jibu ni lita kwa sekunde. Kina cha sentimita 20 hutoa lita 24.7, cha 10 hutoa 4.4 tu. Jicho linaona maji yamepungua nusu, kumbe kilichobaki hakifiki hata humusi! Ndiyo sababu rula isomwe kila siku, tena mbele ya wakulima.

Sasa mahitaji. Mahindi yanayotoa mbelewele, hali ya hewa ikiwa ya kufanya nyasi fupi zitumie milimita 5 za maji kwa siku, hunywa mara 1.2 ya hizo, yaani milimita 6. Makadirio haya hutolewa na CROPWAT, programu ya bure ya FAO. Mfereji wa udongo tifutifu usiozidi kilomita mbili hufikisha shambani takriban asilimia 75 ya maji, na matuta hutumia vizuri asilimia 60 ya kilichofika. Kwa pamoja, 0.75 mara 0.60, ni 0.45. C2 iwe ekari, D2 milimita kwa siku, E2 siku kati ya zamu na zamu, kisha fomula hii itoe saa za mkulima:

=C2*4047*D2*E2/0.45/(B2*3600)

Ekari moja, zamu ya siku 7: kina cha 20 kinadai saa 4.25, cha 15 saa 8.72. Angalia hapa, 4.25 ni saa nne na dakika 15, si 25. Kosa hili humpa mtu dakika kumi za jirani. Walio mkiani mwa mfereji mrefu wa kichanga wawekewe 0.36 badala ya 0.45, la sivyo wataonewa kila zamu.

Jumla ya saa za wote ikizidi 168 kwa wiki, maji hayatoshi. Zidisha saa za kila mmoja kwa 168, gawanya kwa jumla hiyo, upungufu ubebwe na wote. Msipomwagilia usiku, badala ya 168 tumieni saa za mchana tu, 84.