Bodi Ndogo Inawakaje? Kazi ya Butiloda Kabla ya Linux

Kompyuta ya mezani ya kawaida hutoka kiwandani na UEFI ndani yake, programu inayoamsha kumbukumbu na kutambua vifaa kabla mfumo endeshi haujaguswa. Bodi ndogo, yaani kompyuta za bodi moja zenye prosesa za aina ya ARM na RISC-V, mara nyingi hazina anasa hiyo. Mzigo wote unabebwa na butiloda, programu inayoiandaa bodi na kuipakia Linux.

Umeme unapoingia, RAM bado haitumiki, kwa sababu kidhibiti chake hakijapangwa. Prosesa huanza na programu fupi iliyochomwa ndani ya chipu, isiyobadilishika. Kwenye chipu nyingi za kampuni ya Allwinner, programu hiyo huitafuta butiloda katika kadi ya SD, kilobaiti 8 kutoka mwanzo wa kadi. Inachokipata lazima kienee kwenye kumbukumbu finyu ya chipu yenyewe, makumi ya kilobaiti tu. Ndiyo maana U-Boot, butiloda huria iliyoenea sana kwenye bodi hizi, hukatwa vipande viwili: SPL, kipande kidogo cha kwanza ambacho kazi yake kubwa ni kuiamsha RAM, kisha U-Boot kamili. Bodi za Raspberry Pi za mwanzo zina ukaidi wake: huko chipu ya michoro ndiyo huamka kwanza, ARM ikingoja.

U-Boot kamili hupakia kerneli, yaani moyo wa Linux, pamoja na faili la mti wa vifaa, maelezo ya vifaa vya bodi na anwani zake, ambalo wengi hulidharau. Kifaa cha USB hujitambulisha kikiulizwa. Kidhibiti cha kadi kilichomo ndani ya chipu hakijitambulishi, na kerneli haiwezi kubahatisha anwani yake. Huambiwa na mti huo. Kwenye ARM ya biti 64, butiloda huweka anwani ya mti katika rejista x0 (nafasi ndogo ya kuhifadhi ndani ya prosesa) na kuiachia kerneli uwanja, MMU (kitengo kinachosimamia anwani za kumbukumbu) ikiwa imezimwa. RISC-V hutumia rejista a1, huku a0 ikibeba namba ya kiini cha prosesa kinachoanza.

Skrini ikibaki nyeusi, usikimbilie kuilaumu Linux. Unganisha waya wa siriali, unaopeleka ujumbe wa bodi kwenye kompyuta nyingine, wa volti 3.3, si 5. Kasi ya kawaida ni biti 115200 kwa sekunde, ingawa bodi nyingi zenye chipu za Rockchip hutaka 1500000. Ukikosea utaona herufi za ovyo. Kimya kabisa mara nyingi maana yake SPL haikupatikana. SPL ikijitaja kisha ikanyamaza, ishuku RAM. Ukiona "Starting kernel ..." na hakuna kinachofuata, kagua kwanza mti wa vifaa, halafu mpangilio wa konsoli, yaani mahali kerneli inapoandika ujumbe wake.