Chanjo ya Penta Ikiganda Haifai Tena, Hata Ikiyeyuka

Mtoto huchomwa Penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, pajani akiwa na wiki 6, 10 na 14. Katika nusu mililita ile hakuna kimelea hai. Sumu ya pepopunda na ya dondakoo, kwa mfano, imeshazimwa makali, na ikiingia peke yake mwili huijibu kwa unyonge. Kwa hiyo huchanganywa na ajuvanti, yaani kichochezi cha kinga. Humu ni chumvi ya alumini, ambayo Alexander Glenny wa Uingereza aligundua nguvu yake mwaka 1926.

Sumu iliyozimwa hunata kwenye chembe za chumvi hiyo. Chembe huuchokoza msuli kidogo. Seli za kinga hukimbilia pale, huzimeza, kisha hupeleka habari kwenye tezi za limfu, ambako kingamwili huanza kutengenezwa. Ule wekundu wa siku moja mbili, mama, ni dalili ya kazi hiyo. Sindano ikiishia chini ya ngozi bila kufika msulini, chembe huacha kinundu. Chanjo ya surua-rubela haihitaji ajuvanti, kwa kuwa virusi vyake ni hai, ingawa vimedhoofishwa.

Katika kutunza chanjo, watu wengi huogopa joto la Kahe, kule tambarare, kuliko baridi. Kwa Penta, kuganda ndiko kubaya zaidi. Barafu husukuma chembe za alumini zikashikamana mabonge, na ikiyeyuka mabonge hayaachani. Chanjo hupoteza nguvu, na kwa kuitupia jicho tu huwezi kujua.

Kwenye safari ya kupeleka chanjo Marangu au Kibosho, huko mlimani Kilimanjaro, mkosaji mara nyingi ni pakiti ya barafu iliyotolewa friza ikawekwa moja kwa moja kwenye kibebea chanjo. Mhudumu, iache nje kwanza mpaka ukiitikisa usikie barafu ikicheza ndani ya maji. Asubuhi ya Julai Moshi huchukua muda mrefu kuliko Januari, usiharakishe. Chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi.

Ukishuku kwamba chanjo iliganda, chukua kichupa cha chanjo ileile, kiwanda kilekile, toleo lilelile, ukigandishe usiku kucha mpaka kiwe jiwe, kisha kiache kiyeyuke chenyewe. Kitikise pamoja na kile unachokishuku, uviweke mezani sambamba, uvitazame hadi dakika 30. Kinachoshukiwa kikituama polepole kuliko kilichogandishwa, kinatumika. Kikituama sawa nacho au upesi zaidi, usimchome mtoto yeyote.