Furu wa Ziwa Victoria na kasi ya kuzaliwa kwa spishi

Mwaka 1859 mwanasayansi Charles Darwin aliamini kwamba spishi mpya, yaani aina mpya za viumbe, hutokea polepole mno, kwa mabadiliko madogo madogo yanayorundikana. Mwaka 1942 mwanabiolojia Ernst Mayr akasisitiza jambo jingine: ili spishi moja izae mbili, kwa kawaida sharti mlima, bahari au mto ulitenganishe kundi.

Furu wameyatikisa mawazo yote mawili, la mwendo wa polepole na la kutenganishwa. Ziwa Victoria lilikuwa na takriban spishi 500 za samaki hawa wadogo, karibu zote zisizopatikana kwingine. Lakini tope lililochimbwa sakafuni mwake linaonyesha kwamba ziwa lilikauka, maji yakarudi miaka kama 15,000 tu iliyopita.

Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza wanaishi furu wawili wa jamii moja. Dume mmoja ni wa buluu, hukaa karibu na uso wa maji. Mwenzake ni mwekundu, hukaa chini zaidi, ambako mwanga wa buluu hufifia na mwekundu hubaki. (Huyu mwekundu amepewa jina la kisayansi la kumuenzi Mwalimu Nyerere.) Macho ya kila kundi yamezoea mwanga wa kina chake, na jike huchagua dume kwa rangi. Hakuna mlima kati yao.

Uchunguzi wa DNA uliotoka 2017 uliongeza jipya: furu wa ziwa hili wametokana na mchanganyiko wa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile. Matawi ya mti wa uhai, basi, huweza pia kuungana, na mchanganyiko huo ukawapa malighafi ya kubadilika haraka. Wapo wanaokimbilia kusema Darwin alikosea. Kuhusu kasi, kweli alipunja. Uteuzi wa asili aliouelezea, yaani wanaofaa mazingira yao kuishi na kuzaa zaidi, ndio huohuo unaofanya kazi miambani.

Sangara aliyepandikizwa ziwani katika karne ya 20 alimaliza spishi nyingi. Uchafuzi nao umetia maji ukungu: majike hawatofautishi rangi, na penye maji machafu zaidi hupatikana furu wa rangi hafifu, mchanganyiko wa wote wawili. Kisiwani Makobe, ndani ya ziwa hilohilo, kwenye maji maangavu zaidi, mwekundu na wa buluu bado ni spishi mbili.