Ukikuta "nugatory" kwenye ripoti ya CAG, usiliruke hilo neno

Kila mwaka CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akishamkabidhi Rais ripoti, mwisho kabisa tarehe 31 Machi, watu mitandaoni wanatafuta kitu kimoja tu, nani kapiga ngapi. Sawa, wizi lazima usemwe, lakini sisi tunaofanya kazi za ukaguzi tunaomba na hili mlisome: kwenye ripoti za Kiingereza kuna "nugatory expenditure", yaani hela imetoka, vocha ya malipo ipo, saini zote zipo, ila serikali haijapata chochote.

Mfano wake mkubwa ni riba ya kuchelewesha malipo. Tuseme mkandarasi wa barabara kaleta cheti cha kudai malipo ya kazi aliyofanya, shilingi milioni 500, mhandisi kakagua kazi kaipitisha, mkataba unasema usipolipa kwa wakati kuna riba ya asilimia 12 kwa mwaka, halafu cheti kikakaa miezi 6 baada ya siku ya mwisho. Hapo riba ni milioni 30 na barabara haijaongezeka hata mita moja. Mwaka 2021 madarasa yale ya fedha za UVIKO yalijengwa kwa milioni 20 kila moja, kwa hiyo hapo limekwenda darasa zima na nusu na hakuna mtu aliyeiba. Mimi hili linaniuma sana kwa sababu mwizi anaweza kushtakiwa ila riba inalipwa kimya kimya kama gharama ya kawaida.

Ni hivyo hivyo kwa michango ya watumishi ikichelewa kupelekwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakuja na adhabu, na fidia ya ardhi ikipita miezi 6 bila kulipwa nayo inaanza kudai riba.

Sio kila mara kosa ni la mhasibu, wakati mwingine halmashauri imeomba hela mapema na Hazina ndiyo ikachelewa, ila cheti kikilala tu mezani kwa mtu hapo kuna wa kuulizwa.

Ripoti zipo bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Fungua ile ya Kiswahili ya serikali za mitaa, tafuta jina la halmashauri yako, kisha tafuta "riba" na "adhabu", ukikuta kiasi kiandike, siku diwani wako akiitisha mkutano muulize cheti kilifika lini, kililipwa lini, na katikati hapo kilikuwa kwa nani.