Rubani wa Jeti ya Kivita Harushi "Chochote Chenye Mabawa"

Kauli ni ileile kila mara, na hutolewa kwa kujiamini kabisa: aliyerusha F-16, jeti ya kivita ya Marekani, ameshamaliza, mpe ndege yoyote ataipeleka, kwa sababu iliyo ngumu kuliko zote alishaiweza. Wanaisema watazamaji wa maonyesho ya ndege, wanaisema vijana wanaojiandaa kwa usaili wa jeshi la anga, na wanaisema, jamani, marubani wa jeti wenyewe. Wacha niiseme vibaya mara moja ili tusirudi tena: ni uongo, na ni uongo unaoua watu.

Kauli hiyo inachukulia kwamba ndege zimepangwa kwenye ngazi moja. Chini kuna kidege cha propela cha viti viwili, juu kabisa kuna jeti ya kivita, na aliyefika juu amekwisha kanyaga vidato vyote vya chini. Ngazi hiyo haipo. Kila ndege inafundisha mikono na miguu mambo yake, na baadhi ya mambo hayo ni makosa kwenye ndege inayofuata.

Tuanze na F-16, maana ndiyo inayotajwa kila siku. Kwa kazi ya mikono tu, yaani kuipaisha, kuigeuza na kuishusha, ni rahisi kuliko ndege nyingi za mafunzo. Iliundwa makusudi isiwe na utulivu wake yenyewe, na kompyuta ndiyo inayoishikilia. Rubani akivuta fimbo hasogezi kitu chochote mkiani. Anaiambia kompyuta anataka G ngapi (G 1 ni uzito wako wa kawaida, G 2 ni mara mbili yake), au ndege ibingirike kwa kasi gani, nayo kompyuta inachagua namna ya kutimiza. Haimpi zaidi ya G 9, na inamzuia pua isipande kupita alfa ya digrii 25 hivi. (Alfa ni pembe kati ya bawa na hewa inayolijia. Nitaitaja sana.) Mwanafunzi mwenye pupa akivuta fimbo hadi mwisho kwenye ndege ya propela, bawa moja linaanguka. Kwenye F-16 anapata kile alichoruhusiwa, na anajiona fundi.

Kizuizi hicho kina tundu. Pua ikiwa juu, kasi imekwisha, na rubani bado anabingirisha ndege, F-16 inaweza kupenya mpaka wa alfa na kukwama huko juu ikiwa imelala, inashuka kama sinia, na kompyuta haikubali amri ya kawaida ya kushusha pua. Hapo inabidi kushikilia swichi maalumu ya kuipiku kompyuta, kisha kuitikisa pua juu na chini kwa kufuata mdundo wa ndege yenyewe mpaka ianguke mbele. Ukienda kinyume na mdundo unaizima ile bembea uliyoijenga, na mita za kwenda chini hazikungoji.

Jambo linalonikera zaidi kuhusu F-16 ni hisia ya mkono, na watu huliruka. Kwenye ndege ya kawaida, kasi ikipungua fimbo inalegea, pua inataka kushuka, unaongeza trimu, yaani marekebisho yanayoushikilia usukani usiuchoshe mkono. Mkono unajua kasi kabla jicho halijasoma saa. Kwenye F-16, magurudumu yakiwa yamekunjwa, ukiiachia fimbo ndege inabaki kwenye G 1 iwe inakimbia au inafia hewani. Mkono hauambiwi kitu. Fimbo yenyewe iko ubavuni na husoma nguvu ya mkono. Ilipobuniwa haikusogea hata kidogo, baadaye ikapewa mchezo wa milimita sita hivi kwa sababu marubani walikuwa wakiiminya kupita kiasi. Tarehe 20 Januari 1974, kwenye jaribio la kukimbia ardhini tu, YF-16 ya kwanza, mfano wa majaribio wa F-16, ilianza kuyumba kulia na kushoto kwa sababu amri za kubingirika zilikuwa kali mno. Mkia wa mlalo ukakwaruza barabara ya kurukia, ndege ikaanza kuhama mstari. Phil Oestricher, rubani wa majaribio mwenye uzoefu mkubwa, aliona salama zaidi ni kuipaisha kuliko kuendelea kupigana nayo chini. Akaruka dakika chache, akatua salama. Safari rasmi ya kwanza ilikuwa bado, ilifanyika tarehe 2 Februari. Kama uzoefu ungehama wenyewe kutoka ndege hadi ndege, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuuhamisha.

Sasa miguu. Rubani wa jeti ana miguu mivivu, na simlaumu, kwa sababu jeti imemfundisha hivyo. Injini iko katikati, hakuna propela inayosukuma hewa kwa mzunguko, na kompyuta au kidhibiti cha mkia kinaweka pua mahali pake. Mweke mtu huyu kwenye ndege ya propela yenye nguvu. Propela ikizunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka kitini, mambo kadhaa yanavuta pua kushoto kwa pamoja: mwitikio wa injini unaoilaza ndege kushoto, hewa ya propela inayojizungusha kiwiliwilini na kuupiga mkia upande wa kushoto, na, pua ikiwa juu, bapa linaloshuka upande wa kulia linakamata hewa zaidi kuliko lile linalopanda. Ndege ikiwa na gurudumu la mkiani kuna la nne: unaponyanyua mkia, propela inafanya kama pia ya mtoto inayozunguka, inavuta pua kushoto zaidi kwa sekunde moja mbili, hasa pale ulipodhani umeshaimudu.

T-6 Texan II, ndege ya propela ambayo Jeshi la Anga na Jeshi la Majini la Marekani hufundishia marubani, ina nguvu ya farasi 1,100. Imewekewa kifaa kinachorekebisha trimu ya usukani wa mkia kila nguvu ya injini inapobadilika. Hata hivyo kifaa kinachelewa kidogo, na mguu unapaswa kutangulia. Wakufunzi wanaotazama kale kampira ka kuonyesha kuteleza hawafanyi hivyo kwa kupenda kuudhi. Ndege inayoteleza pembeni inapopoteza mwinuko, yaani nguvu ya bawa inayoibeba hewani, haianguki moja kwa moja, inaanza kuzunguka.

Halafu, ili mambo yasiwe mepesi, kuna jeti zinazodai miguu kwa namna nyingine kabisa. F-4 Phantom ikiwa kwenye alfa kubwa, ukisukuma fimbo kulia ili ubingirike kulia, pua inaweza kwenda kushoto na ndege ikakuponyoka. Marubani wake walifundishwa kuiacha fimbo katikati na kubingirisha kwa pedali. Ukimtoa mtu huyo ukamweka kwenye F-16, anapaswa kuliacha karibu kila alilojifunza kuhusu miguu yake.

Tuje kwenye kasi na alfa. Hapa nitakaa. La kwanza, kwa haraka: stoli ni bawa kupoteza mwinuko, si injini kuzimika. Injini inaweza kunguruma kwa nguvu zote na bawa likawa limestoli. La pili: bawa linastoli kwa alfa, si kwa kasi. Ile "kasi ya kustoli" unayoisoma kitabuni ni ya ndege yenye uzito fulani, inayoruka sawa, kwa G 1. Ilaze ubavu digrii 60 bila kupoteza kimo, unavuta G 2, na kasi hiyo inapanda kwa asilimia 41. Namba haikukudanganya, wewe ndiye uliyeisoma nje ya masharti yake.

T-38 Talon, jeti ya mafunzo, ndiyo mwalimu wa somo hili tangu 1961, na ni mwalimu mkali. Mabawa yake ni mafupi na membamba, kutoka ncha hadi ncha ni mita 7.7 tu. Kasi ya kuja kutua ni noti 155, yaani maili za bahari kwa saa, ukiwa na pauni 1,000 za mafuta. Kwa kila pauni 100 za ziada unaongeza noti 1. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kunyooka na barabara unaongeza noti 20 juu ya hapo. Mwanafunzi aliyetoka kwenye T-6 anajua stoli kama pua inayodondoka. T-38 haidondoshi pua. Inatetemeka, inazidi kutetemeka, na inazama huku pua ikitazama mbele kwa adabu. Tatizo ni kwamba kutetemeka kidogo kwenye kona hiyo ni kawaida. Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi ni kutofautisha mtetemo wa "sawa" na mtetemo wa "unakufa", na tofauti hiyo husikika kitini kuliko inavyoelezeka. Saa ya alfa inasaidia: 0.6 ndipo unapotaka, 1.0 ni stoli. Anayepitiliza mstari wa barabara huvuta zaidi ili aurudie, alfa inapanda, ndege inazama, anavuta tena. Dawa ni kulegeza fimbo, kusukuma throto (wenzo wa nguvu za injini) zote mbili hadi mwisho na kunyoosha mabawa, kisha kuzunguka na kuja upya. Dawa nyepesi. Kulegeza fimbo ukiwa unatazama ardhi inakujia ndiko kugumu.

Na hapo kuna mtego wa jeti ambao propela haina. Ukisukuma throto kwenye ndege ya propela, hewa ya propela inalipiga bawa papo hapo na mwinuko unaongezeka. Injini ya jeti inahitaji muda kupanda kutoka mzunguko wa chini, sekunde kadhaa kwa zile za zamani, na hata ikipanda hailipulizii bawa chochote. Juu ya hayo, jeti yenye mabawa yaliyorudi nyuma huja kutua upande mbaya wa mchoro wa nguvu, ambako kwenda polepole kunadai nguvu nyingi zaidi. Ukiinua pua usizame, unazama zaidi. Tarehe 10 Januari 1956 jeti ya kivita F-100 ilianguka kwenye kambi ya anga ya Edwards huko California mbele ya kamera, pua juu, moto wa injini ukiwaka wote, ikiyumba bila kupanda. Filamu hiyo bado inaonyeshwa madarasani. F-104 ilikuwa na sababu yake ya ziada: ilipotua flapu zake, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa, zilipulizwa hewa kutoka kwenye injini, kwa hiyo aliyekata nguvu karibu na ardhi, tabia njema kabisa kwenye ndege nyingine, alikata na mwinuko pia.

Kutua kwenyewe nako hakufanani. Rubani wa jeshi la anga ananyanyua pua mwishoni, anapunguza kasi ya kushuka, anagusa kwa upole. Rubani wa manowari ya kubebea ndege hanyanyui kitu. Anashikilia alfa moja, digrii 8.1 kwa F/A-18, anafuata mteremko hadi sitaha, anajibamiza, na papo hapo anasukuma throto mbele kwa sababu ndoano ya ndege inaweza kukosa waya zinazoikamata sitahani. Mbadilishane ndege: wa manowari atavunja miguu ya ndege ambayo haikujengwa kwa vishindo, na wa anga ataelea juu ya waya zote na kuishiwa sitaha. Wote wawili ni marubani hodari.

Kuhusu usaili nitapita haraka. Vijana huuliza kama miwani inawafungia mlango. Hapana, peke yake haifungi. Jeshi la Anga la Marekani hupokea macho yaliyorekebishwa kwa miwani au kwa laser, ndani ya mipaka. Urefu wa kukaa na urefu wa paja hupimwa kwa sababu ya kiti cha kujirusha: goti likigonga kioo cha mbele wakati wa kutoka, mguu unabaki. Uzito nao una maana. Kuanzia 2015 hadi 2017 marubani wa Marekani walio chini ya kilo 62 hivi walizuiwa kurusha F-35 mpaka kiti na helmeti virekebishwe, kwa kuhofia shingo zao. Na uvumilivu wa G si kipaji cha wachache. Mtu akiwa amelegea anafika G 4 au 5 kabla ya kuzimia, suti inayobana miguu na tumbo inaongeza 1 hadi 1.5, mengine ni kukaza miguu na tumbo na kubadilisha pumzi kila sekunde tatu, kwa haraka, bila kuimwaga yote. Anayezimia kwa G anaweza kupoteza nusu dakika mpaka awe na akili timamu ya kuruka.

Ambalo vitabu havilisemi waziwazi ni hili: vipimo vya kuchagua marubani vinapimwa kwa nani alifaulu mafunzo, wala si kwa nani aliruka vizuri miaka kumi baadaye. Na waliokataliwa hawakuwahi kuruka, kwa hiyo hatuna cha kulinganisha. Mimi naviamini kwa miezi ya kwanza, kwa kasi ya kujifunza mikono. Zaidi ya hapo imani yangu inapungua. Vivyo hivyo kwa simuleta, yaani mashine ya kuiga urukaji ikiwa chini. F-22 na F-35 hazina toleo la viti viwili, na mtu huziruka mara ya kwanza akiwa peke yake baada ya simuleta, mkufunzi akiwa kwenye ndege nyingine. Mfumo huo unafanya kazi, sikatai. Lakini simuleta haikupi G ya kudumu, na sishawishiki kwamba mwili unajifunza yote kwa macho.

Kwa anayebisha bado, kuna helikopta. Robinson, kampuni inayotengeneza R22 na R44, ina tangazo la usalama namba 29 linalosema waziwazi kwamba marubani wa ndege za mabawa wako hatarini zaidi wanaporusha helikopta. Mazoea yana taabu. King'ora kikilia, mkono wa rubani wa ndege unasukuma fimbo mbele kabla hajafikiri, kwa sababu miaka yote king'ora kimemaanisha stoli. Kwenye helikopta hiyo king'ora kinaonya kwamba rota, yaani mapanga ya juu, inapoteza mzunguko. Tiba yake ni mkono wa kushoto kushusha nguzo ya nguvu (wenzo wa kupandisha na kushusha helikopta) huku ukifungua throto. Kusukuma fimbo mbele ghafla kwenye rota ya mapanga mawili kunaondoa uzito kwenye rota, helikopta inabingirika kulia, rubani anairudisha kushoto kama alivyozoea, na kitovu cha rota kinaugonga mhimili wake hadi ukatike. Kwa mgeni asiyewahi kurusha ndege, mkufunzi anaanza tu kumfundisha. Kwa rubani wa jeti mwenye maelfu ya saa, inabidi kwanza amfute.